Nani Huandikiwa Wasifu? Siti binti Saad na Kalamu ya Shaaban Robert



Neno wasifu limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia sifa na kusifu. Katika Kiarabu, mzizi huo unahusu kueleza kitu kilivyo. Katika Kiswahili umeelemea upande wa kutukuza: mtu akiambiwa amesifiwa, haelewi kwamba ameelezwa tu, bali kwamba amepandishwa cheo mbele za watu. Mwelekeo huu wa maana umeathiri namna tunavyoandika maisha ya watu mashuhuri, na hata namna tunavyoamua nani ni mashuhuri. Nitalifafanua jambo hili kwa kisa kimoja.

Mwaka 1958 Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1964 ilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilichapisha Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert, kama nyongeza ya jarida lake. Nyongeza nyingine, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1958 na 1959, ilikuwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Ujirani wa maandiko haya mawili unastahili kutafakariwa.

Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na misafara yake ilifika hadi Kongo. Alikuwa na mali, jina na kalamu. Habari zake aliziandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Kwa hiyo maisha yake tumeyapata kama tawasifu: yeye mwenyewe ndiye aliyechagua safari ya kusimuliwa na jambo la kunyamaziwa.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, kabla utumwa haujafutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alitembeza na kuuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, wala hakupata elimu ya kusoma na kuandika. Mnamo 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji miongoni mwa wapigaji ala. Taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakaisikia kuwa yao. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, likachukua mahali pa Mtumwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakarekodiwa katika santuri za His Master's Voice. Alifariki Julai 1950.

Mwanamke huyu hakuweza kuandika tawasifu. Sauti yake ilibaki katika santuri. Maisha yake yalimhitaji mwandishi. Shaaban Robert, karani aliyepata kutumikia idara ya forodha, angeweza kumchagua liwali au sultani. Alimchagua binti wa mfinyanzi. Kwa uchaguzi huo aliipanua dhana ya wasifu katika lugha yetu kuliko fasili yoyote ya kamusi.

Hata hivyo, tusimsifu Shaaban Robert kwa namna ileile ninayoilalamikia. Katika kitabu hicho mwalimu wa maadili humtangulia mwanahistoria. Siti anakuwa kielelezo cha subira na bidii, na kielelezo hakina budi kuwa safi. Wenzake wa ala, kama vile Maalim Shaaban, Subeti na Mbaruk, wanastahili nafasi kubwa zaidi katika kumbukumbu zetu kuliko ile tuliyowapa, kwani taarabu haiimbwi na mtu mmoja.

Kwa miaka mingi nimewataka wanafunzi wangu waandike wasifu wa mtu maarufu kwa kurasa mbili. Wengi huniletea orodha ya vyeo na tarehe za uteuzi. Si ajabu, kwa kuwa siku hizi wasifu ni pia jina la karatasi anayoipeleka mwombaji kazi. Lakini asiye na cheo, orodha ya namna hiyo itamweleza vipi? Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, akiwa amesikika katika mabara kadhaa, mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa hakika. Umaarufu wa sauti haukutosha kulijaza pengo la maandishi.

Hivyo nawaombeni, hasa ninyi vijana, mrudishe katika neno wasifu ile maana yake ya kwanza: kueleza mtu alivyo. Nendeni kwa waigizaji wa redio, waimbaji na manju ambao wangali hai. Waulizeni walizaliwa wapi, waliitwaje utotoni, nani aliwafunza, na nani alisimama nyuma yao jukwaani. Andikeni na yale yasiyopendeza. Tippu Tip hakumhitaji mtu wa kumwandikia. Akina Mtumwa ndio wanaotuhitaji.