Mshahara wa Karani, Ukurasa wa Mshairi: Waandishi wa Majarida Madogo katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha na njia za uchapishaji za waandishi wa Kiswahili waliolelewa na majarida na kurasa za ushairi, kuanzia Mambo Leo (1923) hadi leo, kwa jicho la msomaji aliyeko Kikatiti, wilayani Meru. Hoja kuu ni kwamba mambo matatu ndiyo yaliyoamua nani asomwe na aandike kwa umbo gani: kazi ya mshahara, anwani ya posta, na mfuko uliolipia karatasi. Historia ya fasihi inayoanzia kwenye orodha ya vitabu inawaacha nje watu wengi walioibeba fasihi hiyo.

1. Utangulizi

Anayeingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, awe amefuata mpira au mkutano wa hadhara, mara nyingi analijua jina hilo kama jina la uwanja tu. Mwenyewe, Kaluta Amri Abedi (1924–1964), alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri. Alikuwa pia mtu wa majarida. Alitunga, akahariri Mapenzi ya Mungu, gazeti la Waislamu wa Ahmadiyya, na mwaka 1954 akatoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho wahakiki wa ushairi wanakirejea mpaka sasa. Darasani anatajwa kwa kitabu hicho kimoja. Kazi yake ya uhariri, iliyompa mazoea ya kupokea, kupima na kurekebisha tungo za wengine, haizungumzwi.

Hayo hayakumpata yeye peke yake. Tumezoea kuisoma fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 kwa vitabu: riwaya hii, diwani ile, mwaka fulani, mchapishaji fulani. Jarida linatajwa kama mahali mwandishi alipopitia akielekea kwenye kitabu. Makala hii inadai kinyume chake, kwamba kwa waandishi wengi jarida ndiko kulikokuwa kwao, na kwamba hali zao za maisha zilikuwa sehemu ya sanaa yao.

Nayaandika haya nikiwa Kikatiti, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai. Mahali hapa hapatajwi katika historia ya majarida ya fasihi, na kwa sababu hiyo panafaa kuulizia swali lenyewe: fasihi iliyochapwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala iliwapokeaje watu wa maeneo kama haya walipotaka kuwa waandishi, na si wasomaji tu?

2. Karani, mwalimu, hakimu

Shule za serikali na za misheni za wakati wa Mwingereza zilitoa kundi dogo la watu waliojua kupanga hoja kwa maandishi. Waliajiriwa kuwa makarani, walimu, wakalimani na mahakimu. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Januari 1923 Idara ya Elimu ikaanza kutoa Mambo Leo kila mwezi. Matukio hayo mawili yasomwe pamoja, kwa kuwa watu wa aina ile ile waliounda chama ndio waliojaza kurasa za gazeti.

Shaaban Robert (1909–1962) ndiye mfano unaojulikana zaidi. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akahudumu katika idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga, na ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Sehemu kubwa ya kazi zake iliandikwa na mtu mwenye saa za kuripoti kazini na mkubwa wa ofisi juu yake. Mathias Mnyampala (1917–1969) wa Ugogo alipitia ualimu, ukarani na uhakimu, huku akitunga na kuongoza chama cha washairi cha UKUTA. Hakuna kati yao aliyeendesha nyumba yake kwa fedha za gazeti. Mshahara ulitoka serikalini, na fasihi ikapata muda uliobaki.

Wahakiki wameujadili muundo wa shairi la kimapokeo kama urithi wa pwani, na ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ya shairi la mishororo minne na mizani 16 kutawala kurasa hizo. Ubeti wenye vina na mizani unaweza kutungwa kichwani, njiani au katikati ya kazi, ukakaa kichwani bila kupotea hadi usiku mtu anapopata taa na karatasi. Tena unajilinda safarini. Mpanga chapa akiruka silabi, mizani inamuumbua. Akikosea neno la mwisho, kina kinamsuta. Kwa mwandishi aliyeko mbali na kiwanda cha uchapaji, asiye na nafasi ya kusahihisha nakala yake kabla haijachapwa, hiyo ilikuwa kinga kubwa kuliko mkataba wowote. Nathari haikuwa na kinga ya namna hiyo. Nashawishika kwamba mapokeo yalidumu magazetini kwa sababu yaliafikiana na maisha ya watungaji wake, na wala si kwa ukaidi wa wahafidhina.

Mtawanyiko wa wachapishaji wa Shaaban Robert nao unaeleza maisha hayo. Pambo la Lugha lilitolewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Kusadikika (1951) ilikwenda kwa Nelson, na Adili na Nduguze (1952) kwa Macmillan. Kufikirika haikutoka mpaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Wasifu aliouandika wa mwimbaji Siti binti Saad ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Jarida hilo hilo lilikuwa limeutoa Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini mwaka 1957, pia kama nyongeza. Kazi mbili ambazo leo tunazihesabu kuwa misingi ya fasihi yetu zilifika kwa wasomaji zikiwa zimeambatishwa kwenye jarida la wataalamu wa lugha.

3. Kapu la mhariri

Mwenye kuzisoma kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili atakutana na desturi moja tena na tena. Mtungaji anaanza kwa kumwomba mhariri nafasi, na anamsihi asiutupe utungo wake kapuni. Kapu hilo la taka pembeni mwa meza ya mhariri lilikuwa chombo cha uhakiki. Hapakuwa na barua ya kueleza kosa. Mtungaji alisubiri toleo la mwezi ujao, na lijalo, hadi alipokata tamaa au alipoliona jina lake.

Jina lenyewe lilikuja na mzigo wake: jina halisi, mara nyingi lakabu, halafu mahali au anwani. Mshairi Akilimali alijulikana kama Snow-White. Ustadh Andanenga, mshairi asiyeona, alijiita Sauti ya Kiza. Lakabu ilimpa mtumishi wa serikali uso mwingine wa kuzungumzia hadharani. Anwani ilimfanya apatikane. Ndiyo iliyowezesha malumbano, ambapo mtu wa Tanga anatupa swali, wa Tabora analijibu, wa Dodoma anawapinga wote wawili, na mwaka mzima unapita suala likiwa bado moto. Hiyo ni fasihi ya watu wengi kwa wakati mmoja, na mwenzi wake wa lazima ni posta.

Lakini sanduku la posta lilikuwa na mwenyewe. Mkulima wa vijiji vya Meru alipata barua zake kupitia shule, usharika au ofisi ya serikali. Aliyetaka kulumbana kwenye gazeti alihitaji kwanza mwalimu au mwinjilisti wa kumkubalia atumie anwani. Kwa hiyo mlango wa fasihi ya maandishi ulikuwa mikononi mwa watu wawili: mhariri aliyeko mjini, na mwenye sanduku aliyeko kijijini.

Hapo ndipo wanawake walipoachwa nyuma. Hawakuwa makarani, na wachache walikuwa na anwani zao wenyewe. Siti binti Saad alisikika Afrika Mashariki nzima kwa santuri, lakini maisha yake yalifika kwenye maandishi kwa kalamu ya karani mwanamume. Ilibidi kusubiri Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, ndipo lije jarida la Sauti ya Siti lenye wanawake kwenye kiti cha uhariri. Uchache wa majina ya wanawake katika kurasa za awali unatuonyesha jinsi milango ilivyojengwa. Haupimi kipaji chao.

4. Mfuko uliolipia karatasi

Mwandishi wa jarida dogo hamchagui mlipaji, lakini mlipaji humchagua yeye. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Nafasi ya maadili, mafumbo, mapenzi na sifa ilikuwa pana, na ya kuipinga serikali ilikuwa finyu. Washairi walijifunza kusema kwa ndani, na ustadi wa fumbo ukanolewa na hali hiyo.

Majarida ya Kiingereza yalikuwa na mfuko mwingine. Penpoint, lililoanza Makerere mwaka 1958, liliegemea chuo. Humo ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha hadithi yake ya kwanza mwaka 1960, akiwa mwanafunzi. Transition la Rajat Neogi, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, lilipata fedha za Congress for Cultural Freedom, na dunia ikaja kujua kwamba shirika hilo lilifadhiliwa na idara ya ujasusi ya Marekani, CIA. Mwaka 1968 serikali ya Uganda ikamfunga Neogi. Miaka mingi baadaye, Kwani? la Nairobi, lililoanza 2003 likiongozwa na Binyavanga Wainaina, liliegemea Ford Foundation.

Upande wa Kiswahili, jarida la Kiswahili na Mulika yalikaa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo yalimvuta msomi zaidi kuliko mtungaji wa kijijini. Magazeti ya hadithi na katuni kama Sani yalimtegemea mnunuzi wa mtaani. Waandishi kama Elvis Musiba na Ben Mtobwa walianzisha kampuni zao wenyewe za kuchapisha. Ukiyapanga haya pamoja unaona kwamba serikali ilizaa fumbo, chuo kikazaa majaribio, soko likazaa hadithi ya upelelezi. Vipaji vilikuwapo kila mahali. Kilichotofautiana ni aliyelipa.

5. Arusha na Meru

Eneo hili lina historia yake ya maandishi. Mwaka 1951 serikali iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili iwe ya walowezi. Wameru waliandika malalamiko, wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Kitabu alichoandika na wakili Earle Seaton kuhusu kesi hiyo kilitolewa mwaka 1967 na East African Publishing House ya Nairobi. Maandishi ya Meru yalianza hadharani kama shauri kabla ya kuwa kitabu. Mtu aliyejua kuandika malalamiko yakasomwa New York hakushindwa kuandika shairi likasomwa Dar es Salaam. Kipaji kilikuwa kimoja, na siasa ya ardhi ikakidai kwanza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, upande wa Tanzania wa shughuli za vitabu ulishikwa na Eastern Africa Publications Limited, Arusha. Riwaya ya Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa na kampuni hiyo mwaka 1979. Kwa kipindi hicho Arusha ilikuwa na mchapishaji wa riwaya nzito ya Kiswahili, lakini haikuwa na jarida la kumlea mwandishi wa kuja kumpelekea mswada. Uchumi ulipobana miaka ya 1980 na karatasi ikawa adimu, mchapishaji huyo hakuwa na kundi la waandishi wa karibu wa kumshikilia.

Leo mtungaji wa Kikatiti anajaza daftari kwa mkono, anapeleka kurasa steshenari zikachapwe na kuprintiwa kwa bei ya kila ukurasa, anatuma faili kwa simu. Kapu la mhariri limebaki, ila halionekani. Gharama ya kwanza sasa inatoka mfukoni mwake kabla hajapata msomaji hata mmoja.

6. Pingamizi

Mtu anaweza kusema kwamba tungo nyingi za magazetini zilikuwa dhaifu, na kwamba kitabu kilichuja bora na kuacha makapi. Udhaifu ulikuwapo, nimesoma kurasa nyingi za kujirudia. Lakini mchujo wa kitabu haukuwa wa ubora peke yake. Mchapishaji alitafuta kitakachoingia kwenye mtaala, na mwandishi mwenye shahada au wadhifa alifikika kwa urahisi zaidi. Pia malumbano hayachujiki. Ukimtoa mshairi mmoja na kumweka kwenye diwani yake, umepata majibu bila maswali yaliyoyazaa. Msomaji wa diwani anaona ubishi wa mtu aliye peke yake, ilhali alikuwa akijibu watu wenye majina na anwani.

7. Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, kazi tatu zinatudai. Ya kwanza ni faharasa ya kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili, itakayoandika kwa kila utungo jina, lakabu, mahali, kazi ya mtungaji na utungo unaoujibu. Bila hiyo tutaendelea kuandika historia ya majina yale yale. Ya pili ni ukusanyaji wa mikoani: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na Maktaba ya Mkoa wa Arusha viko karibu na familia za walimu na wainjilisti wa Meru kuliko hifadhi yoyote ya Dar es Salaam, na madaftari ya wazee hao hayatasubiri. Ya tatu inahusu fedha. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyotoa washindi wa kwanza 2015, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza 2023, zimefanya kazi njema ya kuinua mswada uliokamilika. Hakuna mswada unaokamilika bila miaka ya tungo fupi, majibu ya wasomaji na mhariri anayejua kusema kwa nini amekataa. Sehemu ya fedha hizo, au fedha nyingine kama hizo, ikienda kwa jarida la mkoa linalolipa waandishi wake na kujibu kila barua, mwandishi wa Kikatiti hatalazimika kuwa karani kwanza ndipo awe mshairi.