Historia ya Maswali ya Kusahihisha Sentensi

Swali la kusahihisha sentensi za Kiingereza lilishika mizizi katika mitihani ya Marekani kwa sababu insha zilikuwa hazipimiki kwa haki. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wa shirika la mitihani la ETS waliwagawia wasomaji 53 insha 300, kila mmoja azipange zote katika madaraja 9. Asilimia 94 ya insha zilipata madaraja tofauti yasiyopungua 7. Insha ile ile ilisifiwa na msomaji mmoja na kukataliwa na mwingine, na hatima ya kijana ikategemea mkono ulioipokea karatasi yake.

Maswali ya kuchagua jibu hayakuwa na kasoro hiyo. Mashine ya IBM 805, iliyotoka mwaka 1938, ilisahihisha majibu kwa kutambua alama za penseli, na haikumpendelea mtu. Lililobaki ni kujua kama maswali hayo hupima uandishi wenyewe. Mwaka 1966 Godshalk, Swineford na Coffman walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliandika insha tano, kila moja ikasomwa na wasomaji watano, na jumla ya alama ikalinganishwa na majibu ya maswali mafupi. Yale ya kusahihisha sentensi yalikuwa miongoni mwa yaliyokwenda sambamba na uwezo wa kuandika.

Makao makuu ya swali hili yakaja kuwa GMAT, mtihani wa kuingia shahada za uzamili za biashara. Ulianza mwaka 1954, baada ya vyuo tisa kukubaliana na ETS, na ulipata jina lake la sasa mwaka 1976. Umbo la swali lilijulikana vyema: sentensi yenye sehemu iliyopigiwa mstari na majibu matano, la kwanza likirudia maneno yale yale ya awali.

Chukua sentensi “The price of the beans have risen.” Mtahiniwa makini huweka kando maneno “of the beans” na kubaki na kiima, “price”, ambacho ni umoja, hivyo kitenzi kinachofaa ni “has”. Ni kosa lile lile la kusema “bei ya maharage yamepanda”. Kisha hulinganisha majibu yenyewe kwa yenyewe: yanapotofautiana ndipo penye kanuni inayopimwa, iwe upatanisho, kiwakilishi, ulinganifu wa orodha au kirai kilichowekwa mbali na neno kinalolieleza. Kila kosa likionekana, majibu yote yenye kosa hilo huondolewa kwa mpigo.

Mbinu hiyo ya kuondoa ndiyo iliyolipa swali sifa na pia iliyolidhoofisha, kwani mtu aliweza kukariri kanuni chache na kufaulu bila kuandika aya moja. TOEFL ya intaneti, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo ulioanza mwaka 2005, iliacha sehemu ya sarufi. SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, mwaka 2016 ilihamishia usahihishaji ndani ya vifungu kamili. GMAT mpya ilikuja Novemba 2023 bila maswali haya, na toleo la zamani likafungwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Waandaaji walichagua kupima ufahamu na hoja, na ujuzi wa sentensi moja moja ukaachiwa madarasa ya lugha.