Reli ya Voi na Taveta: Asili Yake na Hatima Yake

Mtu atokaye Voi kwenda Taveta kwa barabara ya lami, akaipita Mwatate na Bura, akaiacha milima ya Taita kuliani mwake, akaikata nyika ya Tsavo mpaka akaufikia mto Lumi, huwa sehemu kubwa ya safari yake anaandamana na njia ya reli bila ya kuitambua, maana vichaka vimeifunika, na katika mwendo wake wa zaidi ya kilomita 100 hakisikiki tena kishindo cha gari la moshi.

Reli hii haikuzaliwa na biashara. Mwezi wa Agosti 1914, vita vikuu vya kwanza vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka Moshi yakaitwaa Taveta, nao Waingereza wakatambua kwamba hawawezi kuwafukuza maadui kwa kutegemea mabega ya wapagazi peke yake katika nchi isiyo na maji, ambamo kila pipa la maji na kila sanduku la risasi halina budi kuchukuliwa kutoka mbali. Basi mwaka 1915 askari wa reli walioletwa kutoka Bara Hindi wakaanza kutandika mataruma kuelekea machweo, huku Wajerumani wakipenya usiku kuilipua njia kwa baruti; wengi wakafa kwa risasi na maradhi, na hata leo yako Maktau makaburi ya askari wa Kihindi. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza lilishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, walakin mwezi uliofuata, chini ya uongozi wa Jenerali Smuts, Taveta ilitwaliwa, na reli ikasukumwa mbele hata ikaungana huko Kahe na ile iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga hadi Moshi. Muungano huo haukuwa na taabu, kwa kuwa reli zote mbili zilikuwa na upana mmoja wa mita moja. Na katika yote niyajuayo juu ya njia hii, hilo ndilo nilionalo kubwa kuliko yote, kwamba madola mawili yaliyokuwa yakiuana yalikuwa yamejenga, pasipo kukusudia, nusu mbili za kitu kimoja.

Baada ya amani kurejea, njia ya mizinga ikawa njia ya katani. Mashamba makubwa ya mkonge yalienea Mwatate na Taveta, na huko Taveta mlowezi mashuhuri Ewart Grogan akajenga juu ya kilima jumba lake linaloonekana hadi leo. Majani ya mkonge yalikatwa, yakachakatwa, nyuzi zake zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, kisha zikashindiliwa kuwa marobota ya takriban kilo 250 kila moja. Mzigo wa namna hii, mzito, usiooza, usio na haraka, ndio hasa uifaao reli. Fauka ya hayo, sehemu ya shehena ya Moshi ikawa inaelekea Kilindini badala ya Tanga, na tangu mwaka 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipowekwa chini ya shirika moja, behewa liliweza kuuvuka mpaka bila ya kubadili mwenyewe.

Kisha bei ya katani ikaanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa, na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Tawi lililojengwa kuunganisha likawa kipande kinachoishia ukutani. Ulipofunguliwa mpaka, malori yalikuwa yamekwisha kuizoea kazi.

Watu husema kwamba barabara ya lami na kituo cha pamoja cha forodha cha Taveta na Holili, kilichozinduliwa mwaka 2016, vyatosha, na kwamba hakuna haja ya kuifufua reli. Sikubaliani nao. Ndizi za Taveta zinazotaka kuwahi soko ni haki ya lori. Amma saruji, mbolea, nafaka na chuma ziendazo Moshi na Arusha zinaichakaza barabara ambayo wananchi wataitengeneza kwa kodi zao. Nchini Kenya kwenyewe tawi la Nanyuki lilifufuliwa mwaka 2020. Na upande wa Tanzania treni za mizigo zilirudi kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019, kwa hiyo ncha ya Kahe i hai. Najua kwamba Tanzania ina haki ya kuipendelea bandari yake ya Tanga, na kwamba reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana mwingine. Lakini reli ya zamani ingali inapita Voi. Hata hivyo, kuifufua njia ikomee Taveta ni kupoteza mali: ama ifike Kahe, ama iachwe.

Chuma chaweza kununuliwa tena. Ardhi iliyokwisha kujengwa maduka na nyumba haipatikani ila kwa fidia na machozi. Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka wa Nairobi na Dodoma waanze na jambo dogo: wapime upya mipaka ya ardhi ya reli toka Voi hadi Kahe, waweke vigingi, na kuwatangazia wananchi kabla ya hati nyingine yoyote kutolewa juu yake.