Kiwanda cha Mazda na Mtambo wa Kuzunguka

Kiwanda cha Mazda kilianzishwa Hiroshima mwaka 1920, si kwa kuunda motokaa, bali kwa kutengeneza vizibo vya magome ya mti. Gari lake la kwanza, la magurudumu matatu, lilitoka mwaka 1931. Jina lake lina asili mbili: Ahura Mazda, mungu wa hekima wa Waajemi wa kale, na Matsuda, mkuu wa kampuni. Bomu la tarehe 6 Agosti 1945 liliuangamiza mji. Kilima cha Hijiyama kikakikinga kiwanda, hata ofisi za serikali ya jimbo zikahamia humo.

Lakini wenye motokaa hukitaja zaidi kwa mtambo wa Wankel, usio na pistoni. Katika majaribio ncha za rota zilikwaruza ukuta wa mtambo, na mafundi wa Yamamoto Kenichi wakaiita mikwaruzo hiyo kucha za shetani. Walipoishinda, Cosmo Sport ikauzwa mwaka 1967. Wenyewe waliusifu ulaini wake, wakanung'unika kwamba wanywa petroli mno. Nao walisema kweli. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, nung'uniko hilo nusura likifilisi kiwanda. RX-8 ilikoma mwaka 2012. Mwaka 2023 mtambo ukarejea katika MX-30, kuzalisha umeme tu, pasipo kuzungusha magurudumu.