Kilatini na Kigiriki katika Nyanda za Njombe

Elimu ya lugha za kale za Ulaya, yaani Kigiriki cha Wayunani na Kilatini cha dola ya Roma, haikuletwa Njombe na chuo kikuu, bali ililetwa na misheni, na jambo hilo limeamua kwa zaidi ya karne moja ni nani angejifunza lugha hizo, kwa kiasi gani, na kwa kusudi lipi. Mwaka 1898 wamisionari Walutheri wa Misheni ya Berlin walifungua kituo cha Kidugala katika nchi ya Wabena, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Wanging'ombe. Mwaka huohuo Wabenedikto, ambao ni watawa Wakatoliki, walianza kazi Peramiho karibu na Songea, na kutoka huko baadaye walipanda hadi Uwemba. Wote walitoka Ujerumani, lakini mahitaji yao hayakufanana.

Kwa Walutheri, lugha iliyotangulia ilikuwa Kigiriki, kwa sababu Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha watu wa kawaida, kile ambacho wanazuoni hukiita koine, na mafundisho ya Luther yalidai kwamba Maandiko yasomwe katika chimbuko lake kabla ya kutafsiriwa. Hata hivyo, kwa miongo mingi elimu hiyo ilibaki mikononi mwa wageni, na waumini Wabena waliipokea kwa njia ya tafsiri tu. Biblia ya Kiswahili ya Karl Roehl, iliyochapwa mwaka 1937, na ile ya Muungano ya mwaka 1952, zilisomwa katika makanisa ambamo ni wachache mno walioweza kuzipima kwa maneno ya asili. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1947, chuo cha theolojia kilipofunguliwa Lwandai katika milima ya Usambara, na zaidi kilipohamia Makumira, karibu na Arusha, mwaka 1954. Vijana wa Kanisa la Kusini, ambalo makao yake makuu yako Njombe, walipita Makambako kuelekea kaskazini, na huko Makumira walijifunza Kigiriki kama somo la darasani, pamoja na Kiebrania. Ilikuwa hatua kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani mchungaji aliyeweza kufungua Agano Jipya la Kigiriki hakulazimika tena kusubiri maelezo ya mmisionari.

Njia ya Wakatoliki ilielekea upande wa pili, kusini, na lugha yake ilikuwa Kilatini. Kijana aliyetaka upadre alianza katika seminari ndogo, yaani shule ya sekondari ya bweni iliyolea wito, na Kigonsera ilikuwa mojawapo ya zile za Wabenedikto. Kisha aliendelea na seminari kuu, ambako alisoma falsafa na theolojia kwa miaka kadhaa. Kilatini hakikuwa pambo la elimu hiyo: ndicho kilichokuwa lugha ya Misa, ya sheria za Kanisa, ya sala za kila siku, na ya vitabu vingi vya kiada. Ni haki kusema kwamba mapadre wa Kiafrika wa kizazi hicho ndio waliokuwa wasomi wa kwanza wa Kilatini katika nyanda hizi, ingawa hakuna chuo kikuu kilichowatunuku shahada kwa ajili hiyo.

Kisha yakaja mageuzi ya haraka. Mwezi Februari 1962 Papa Yohane XXIII aliagiza kwamba masomo makuu ya seminari yafundishwe kwa Kilatini. Mwaka uliofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, uliruhusu lugha za watu zitumike zaidi katika ibada, na Kiswahili kikashika nafasi altareni. Jimbo la Njombe lilipoundwa mwaka 1968, Kilatini kilikuwa kimekwisha kupoteza kazi yake ya kila siku, ijapokuwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 bado inataka waseminari wakijue. Kushangilia Kiswahili ni haki, lakini haikuwa lazima kupokea lugha moja kwa kuiacha nyingine.

Hasara yenyewe ilikuwa imeanza mapema zaidi, kwa kuwa misheni zote mbili zilifundisha lugha hizi kama vifaa vya kanisa, na kuwaacha nje wanahistoria, washairi na wanajiografia wa kale. Watanzania wengi waliijua Roma kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1963, ambayo chanzo chake ni Kiingereza cha Shakespeare. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambalo maji yake yanafika Ludewa mkoani Njombe, Rais Banda wa Malawi alifungua Kamuzu Academy mwaka 1981 na kuwalazimisha wanafunzi wake wasome Kilatini na Kigiriki; sera hiyo ilikuwa ya wachache na ya gharama, lakini ilizichukulia lugha hizo kuwa elimu ya taifa.

Tanzania ilikuwa na sababu nzito kuliko Malawi ya kuzichukulia hivyo. Maelezo marefu ya kale zaidi kuhusu pwani yake yamo katika Periplus, mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ambao unaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, pamoja na mashua zake za kushonwa, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Ptolemaio wa Aleksandria aliitaja tena Rhapta katika karne iliyofuata. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta Rhapta katika eneo la delta ya Rufiji, na mjadala kuhusu mahali ulipokuwa mji huo unategemea kwa sehemu kubwa sentensi chache za Kigiriki zinazohesabu siku za safari kutoka kituo hadi kituo, sentensi ambazo mwanafunzi wa historia anayetoka Makambako hukutana nazo katika tafsiri za Kiingereza za Freeman-Grenville au Casson, huku mwenzake anayesomea uchungaji Makumira akijifunza sarufi ambayo ingemwezesha kuanza kuzisoma zilivyoandikwa.