SEHEMU YA 5: Aspirini ilifikaje kwenye mfuko wa dawa za baba?

Mama mwenzangu, baba karuhusiwa hospitali baada ya shambulio la moyo. Unafungua mfuko wa dawa, unakutana na aspirini. Unasema, "Hii si ya kichwa tu? Tuiache." Subiri kwanza, nikusimulie ilikotoka.

Zamani mgonjwa wa moyo alilazwa kitandani wiki kadhaa bila kuinuka. Miaka ya 1940 huko California, Dkt. Lawrence Craven aliona waliokatwa tonsili wakitafuna bigijii yenye aspirini wanatoka damu sana. Akawaza: kama inazuia damu kuganda kooni, si itazuia na kwenye mishipa ya moyo? Akaanza kuwaandikia wanaume wa makamo. Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo wachache walimsikiliza.

Mwaka 1988 yakatoka majibu ya utafiti wa ISIS-2, ulioongozwa kutoka Oxford: wagonjwa 17,187, hospitali 417. Nusu walipewa aspirini kila siku kwa mwezi, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 5, kwa kila wagonjwa 1,000 waliopewa aspirini, vifo vilipungua kwa takriban 24. Kidonge cha bei ndogo vile!

Sasa upande wa pili. Miaka hiyohiyo madaktari wengi waliandika dawa za kutuliza mapigo yanayorukaruka baada ya shambulio. Kwenye kipimo mapigo yalitulia kweli, kila mtu akaridhika. Mwaka 1989 utafiti wa CAST wa Marekani ukaonyesha waliomeza encainide na flecainide walikufa wengi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kipimo kilipendeza, mgonjwa akafa.

Umeona? Dawa iliyodharauliwa iliokoa, iliyoaminiwa iliua. Ilibidi wapime ndipo wajue. Mimi na wewe hatuwezi kujua kwa kuangalia bei au ukubwa wa kidonge.

Kwa hiyo baba akitoka hospitali, uliza kila dawa: ya nini, mpaka lini, nani wa kuibadilisha? Usipunguze mwenyewe, hata akijisikia mzima. Na usigawe aspirini kwa kubahatisha. Ina hatari ya kutoa damu, na mtoto usimpe bila daktari. Kifua kikibana, mkimbize hospitali.

Tukutane sehemu ya 6. Mtumie na wifi yako asome.