Rwanda: Kupima Majeraha Yasiyoonekana

Katika siku mia moja zilizoanza mwezi Aprili mwaka 1994, nchi jirani ya Rwanda ilikumbwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliangamiza watu wapatao 800,000. Tanzania haikuyasikia maafa hayo kwa mbali. Mwishoni mwa mwezi huo huo, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na kuingia wilayani Ngara. Mataifa yalikuwa yamezoea kuhesabu maiti, wakimbizi na magunia ya chakula. Swali lililokuwa geni ni hili: mtoto aliyenusurika amebaki katika hali gani, nayo hali hiyo hupimwaje?

Kwa miaka mingi wakubwa walishika dhana kwamba mtoto husahau upesi. Mwaka 1980, madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani walipoyakubali rasmi maradhi ya mfadhaiko utokanao na kiwewe, waliokuwa mbele ya macho yao walikuwa hasa askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Hata hivyo, daktari Lenore Terr alikuwa amekwisha kuanza kuwachunguza watoto wa mji wa Chowchilla, katika jimbo la California, ambako watoto 26 walitekwa nyara ndani ya basi la shule mwaka 1976. Miaka minne baadaye dalili zilikuwa bado hazijawatoka. Ilidhihirika kwamba mtoto hukumbuka, na kwamba pengine husema kwa mchezo yale asiyoweza kuyasema kwa maneno.

Nchini Rwanda jambo hilo lilichunguzwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Miezi 13 hivi baada ya mauaji kuanza, watoto 3,030 wenye umri wa miaka 8 hadi 19 walihojiwa, katika kazi iliyowashirikisha mtaalamu wa Norway, Atle Dyregrov, na wenzake. Asilimia 90 walisema kwamba waliamini watakufa. Wengi walilazimika kujificha ili wapone, na asilimia 15 walijificha chini ya maiti.

Watoto 1,830 kati yao walipimwa pia kwa orodha fupi ya maswali, iliyotokana na kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 1979. Maswali hayo yalikuwa ya namna mbili. Kwanza, je, kumbukumbu humjia mtoto bila ya kuitwa, usiku na mchana? Pili, je, hujitahidi kuyakwepa mahali, maneno na mawazo yanayomrudisha kule? Wahenga wetu waliyajua haya waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dalili za namna zote mbili zilionekana kwa wingi.

Lilijitokeza pia jambo la kushangaza. Watoto waliokuwa wakiishi katika vituo vya kulelea walikuwa wamekutana na maovu mengi zaidi, lakini walionyesha dalili chache kuliko wenzao waliokuwa nje ya vituo. Aidha, lililohusiana zaidi na ukubwa wa dalili lilikuwa ile hisia ya mtoto kwamba maisha yake mwenyewe yamo hatarini. Kwa hiyo, kuorodhesha mabaya aliyoyaona mtoto hakutoshi kueleza anavyoumia. Sharti aulizwe mwenyewe, kwa lugha yake, maana mzazi au mlezi mara nyingi hayaoni mateso ambayo mtoto humficha ili asimwongezee majonzi.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba orodha ya maswali si hukumu ya daktari. Takwimu za uchunguzi huo zilipopitiwa upya kwa watoto 1,547, na kuchambuliwa kwa kanuni tatu tofauti, waliokadiriwa kuwa na maradhi hayo walikuwa kati ya asilimia 54 na 62. Kanuni ikibadilika, hesabu nayo hubadilika. Isitoshe, Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, linaloeleza hofu inayomkaba mtu hata pumzi zikamwishia. Mpimaji anayeuliza habari za ndoto na kumbukumbu tu, bila kuuliza habari za pumzi, huenda akampita mgonjwa aliye mbele yake.

Mwaka 1995 kulifunguliwa mjini Kigali kituo cha taifa cha kushughulikia kiwewe, na walimu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wakafundishwa kuzitambua dalili. Kazi hiyo haikwisha. Katika miaka iliyofuata, kila ilipofika tarehe 7 Aprili na maombolezo kuanza, walikuwako vijana waliozidiwa na kumbukumbu na kuhitaji msaada papo hapo.

Funzo hili linayahusu mataifa yote ya Maziwa Makuu. Watoto wa Burundi na wa Kongo nao walivuka mipaka na kuingia katika kambi za Kigoma, wakiwa wamebeba yale waliyoyaona. Kumwuliza mtoto habari za kiwewe chake ni kumfungua jeraha. Anayeuliza na kuandika majibu, kisha akaondoka pasipo kuacha mtu wa kumtunza, amechukua takwimu na kuacha maumivu. Kipimo kina thamani pale tu kinapofuatwa na mwalimu anayeelewa, mlezi anayesikiliza na tabibu anayefikika.